Zabibu Moja, Chupa Mbili: Namna ya Kutofautisha Brandi na Mvinyo wa Nguvu

Ilikuwa harusi ya Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, nami nilikuwa kwenye kamati ya vinywaji. Tulitoka Morogoro mjini na chupa nne za rangi ya kahawia zenye picha ya kichala cha zabibu. Muuzaji alituambia ni kinywaji cha zabibu, kizuri kwa wazee, nasi hatukuuliza zaidi. Wajomba wa bwana harusi, ambao kwa Waluguru wana neno zito juu ya watoto wa dada zao, waliketishwa mbele na kumiminiwa glasi zikajaa, kama mtu anavyomiminiwa divai. Ilikuwa brandi. Mjomba mkubwa aliimaliza glasi yake taratibu, kwa adabu, maana mtu mzima hakatai kinywaji cha harusi ya mpwa wake. Kabla ya ndafu kukatwa alikuwa amebebwa kwenda kulazwa.

Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwani kile kilikuwa kitu gani?" Sikuwa na jibu. Mwongozo huu ni jibu ambalo nilipaswa kuwa nalo siku ile, na nakuandikia wewe ambaye kesho au keshokutwa utatumwa dukani na kamati kama yangu.

Anza na gongo, utaielewa brandi

Mtu aliyekulia vijijini kwetu hahitaji darasa la kemia kuelewa brandi. Ameshaona gongo likipikwa, au amesikia likisimuliwa. Pombe iliyokwisha kuchachuka inatiwa kwenye pipa, pipa linafunikwa na kuzibwa kwa udongo, moto unawashwa chini. Bomba linatoka juu ya pipa na kupita kwenye maji baridi ya kijito. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100, hivyo mvuke unaotangulia umebeba kilevi kwa kiwango kikubwa kuliko pombe yenyewe. Ukifika penye baridi unageuka tena kuwa kimiminika na kuanza kudondoka tone moja moja. Kazi hiyo Kiswahili kinaiita kukeneka.

Brandi inatokana na kazi hiyohiyo, ila kinachotiwa kwenye mtambo ni divai ya zabibu. Huko Cognac, Ufaransa, wanatumia mtambo wa shaba, na divai inakenekwa mara mbili. Divai inaingia ikiwa na kilevi cha asilimia 9 hivi, spiriti inatoka ikikaribia asilimia 70. Zinahitajika takriban lita 9 za divai kupata lita 1 ya spiriti. Inapotoka ni nyeupe kama maji ya Mto Ruvu juu kabisa kwenye chimbuko lake. Rangi ya kahawia na harufu ya vanila huja baadaye, kutokana na pipa la mti wa mwaloni. Brandi ya Cognac, yaani konyaki, haiuzwi kabla ya kulala kwenye pipa miaka 2. Herufi VS kwenye lebo maana yake ni hiyo miaka 2, VSOP ni 4, na XO, tangu 2018, ni 10. Mwishoni hupunguzwa makali kwa maji hadi asilimia 40.

Kwa hiyo ndani ya brandi hakuna tena divai. Sukari ya zabibu haipo, na rangi nyekundu pamoja na ule ukakasi wa maganda vimebaki chini ya mtambo. Kilichovuka ni kilevi na harufu. Waholanzi waliokuwa wakifanya biashara hiyo waliiita divai iliyochomwa, na neno brandi limetoka hapo.

Mvinyo wa nguvu: spiriti inaingia kama mgeni

Chupa ya pili ni ile ambayo Kiswahili hakijaipa jina lililotulia. Wapo wanaosema mvinyo ulioongezwa nguvu, wengine mvinyo ulioimarishwa. Mimi hapa nitauita mvinyo wa nguvu. Wakubwa wa ukoo huu duniani ni poti ya Ureno, sheri ya Hispania, Madeira ya kisiwa cha Madeira, na Marsala ya Sisili.

Siri yake iko kwenye hamira. Zabibu zikishapondwa, hamira inakula sukari na kutoa kilevi na gesi. Ikiachwa, itaila sukari karibu yote na divai itakuwa kavu. Mtengenezaji wa poti, kwenye bonde la mto Douro, haiachi imalize. Sukari ikiwa imebaki karibu nusu, anamimina spiriti ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77, takriban lita 1 kwa kila lita 4 za divai inayochachuka. Spiriti hiyo ni ndugu wa brandi ambaye hajalala kwenye pipa. Hamira haivumilii makali hayo, inakufa. Sukari iliyokuwa haijaliwa inabaki mle mle. Ndiyo maana poti ni tamu na ni kali kwa wakati mmoja, asilimia 19 hadi 22, na utamu wenyewe ni wa zabibu. Hakuna aliyeweka sukari kwa kijiko.

Sheri inakwenda kinyume. Hamira inaachiwa ile mpaka ishibe, kisha ndipo spiriti inaongezwa. Matokeo yake ni mvinyo mkavu wa asilimia 15 na kuendelea, ingawa zipo sheri zinazotiwa utamu baadaye. Saa ya kuongeza spiriti ndiyo inayoamua utamu. Ukilishika hilo moja, mengine yote kuhusu mvinyo wa nguvu yanafuata yenyewe.

Na Madeira ina kisa kinachotuhusu watu wa nchi za joto. Mapipa yake yalisafirishwa baharini kupitia ikweta, yakapigwa na joto la matumbo ya merikebu miezi kwa miezi, na watu wakagundua kwamba mvinyo ulirudi mzuri zaidi kuliko ulivyoondoka. Siku hizi wanaupasha moto makusudi, nyuzi 45 hadi 50, kwa miezi 3 au zaidi. Mvinyo uliokwisha kupikwa hivyo haubabaishwi na joto la Kihonda, hapa Morogoro mjini, mwezi Januari.

Majina yetu yanavyotuchanganya

Kosa letu la Matombo halikuwa la muuzaji peke yake. Lugha nayo inatuvuruga, na ni vizuri kujua kwa nini. Mvinyo ni neno tulilolipata kwa Wareno, kutoka *vinho* yao. Kwa muda mrefu pwani lilimaanisha kileo chochote cha kigeni, kikali au laini. Neno divai wataalamu wanalirudisha kwenye Kifaransa, *du vin*, na limeng'ang'ania zaidi kanisani. Halafu ipo konyagi, iliyotokana na *cognac*, mji uleule wa brandi.

Lakini Konyagi inayouzwa kila grosari kutoka Msamvu hadi Mgeta haina uhusiano na zabibu. Ni spiriti ya miwa yenye asilimia 35, haina rangi, na kwa tabia iko karibu na jini kuliko brandi. Malighafi ya spiriti ya namna hii ni molasi, ule ujiuji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, na mkoa wa Morogoro unaufahamu vizuri: miwa iko Kilombero, miwa iko Mtibwa, na kando ya kiwanda cha sukari cha Kilombero upo mtambo wa kukeneka molasi. Ukiagiza konyagi ukidhani umeagiza brandi ya zabibu, jina ndilo lililokupoteza.

Zabibu zetu zinatoka Dodoma. Uluguru hazikubali, hasa mashariki, maana mvua ni nyingi na mzabibu ukikaa na majani yaliyolowa unashambuliwa na ukungu. Dodoma ni kame, kule Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Kutokana na mavuno hayo inatengenezwa divai ya kawaida, na pia ile mivinyo myekundu, mitamu, ambayo watu wamezoea kuiita kwa jina moja la dompo hata chapa zikiwa tofauti. Usitegemee jina la mazoea. Geuza chupa.

Ukiwa dukani

Tafuta namba ya kilevi kabla ya kutazama picha. Namba hiyo haidanganyi kama picha ya zabibu inavyodanganya. Ikiwa kati ya 10 na 14, hiyo ni divai ya kawaida. Ikiwa kati ya 15 na 22 na kinywaji ni kitamu, mara nyingi spiriti imeongezwa, na huo ni mvinyo wa nguvu. Ikiwa 35 kwenda juu, una pombe kali mkononi, iwe brandi au nyingine. Hakuna chupa ya brandi halali yenye asilimia 18, wala hakuna poti ya asilimia 40.

Baada ya namba, soma viungo. Kuna chupa duniani zilizoandikwa brandi ambazo ndani yake ni spiriti ya molasi iliyotiwa rangi ya karameli na ladha ya kutengeneza. India, kwa mfano, brandi nyingi za bei nafuu ziko hivyo. Ukiona maneno ya spiriti ya miwa, au rangi na ladha bila kutajwa zabibu wala divai, basi umeuziwa jina. Brandi za Afrika Kusini, ambazo zinafika kwetu kwa wingi, zina sheria yake: ile ya mtambo wa shaba inalala kwenye pipa si chini ya miaka 3, na ile ya kuchanganywa lazima iwe na angalau asilimia 30 ya hiyo ya pipa. Kwa bei ya kati, huko ndiko ningekuelekeza uanzie.

Kisha kagua alama ya ubora ya TBS na stempu ya kodi. Tangu 2019 Mamlaka ya Mapato imeweka stempu za kielektroniki kwenye vileo, na unaweza kuihakiki kwa simu. Chupa ya brandi yenye stempu iliyobanduka au kizibo kilichochezewa usiinunue hata kwa nusu bei. Ndani yake mnaweza kuwa na methanoli, inayopofusha macho na kuua, na ulimi wako hautaitofautisha.

Hapo niseme wazi kuhusu gongo, kwa kuwa nimelitumia kama mfano. Kulipika ni kosa nchini chini ya sheria ya 1966 ya moshi (jina jingine la gongo), na sipendekezi ulitumie kuongeza nguvu ya divai ya nyumbani. Nimesikia vijana wa Mgeta, ambako maplamu na mapichi yanaozea mashambani msimu ukishamiri, wakisema watatengeneza mvinyo wa matunda na kuutia gongo kidogo ili usichache. Wazo la kuhifadhi ni sahihi, ndilo hilohilo la Wareno. Spiriti ndiyo isiyo sahihi.

Glasi ina kiasi gani

Sehemu hii ndiyo iliyomwangusha mjomba, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Chukua toti moja ya brandi, mililita 30 kwa asilimia 40. Kilevi kilichomo ni mililita 12. Kiasi hichohicho cha kilevi unakipata kwenye mililita 67 za mvinyo wa nguvu wa asilimia 18, au mililita 100 za divai ya asilimia 12, au mililita 240 za bia ya asilimia 5, ambayo ni karibu nusu ya chupa kubwa.

Glasi aliyopewa mjomba ilikuwa kama mililita 200. Hiyo ni mililita 80 za kilevi, zaidi ya bia 3 kubwa, ndani ya kinywaji anachokunywa mtu kwa dakika 20. Ungekuwa mvinyo wa nguvu wa asilimia 18, ingekuwa mililita 36, bado ni nyingi kwa mzee wa miaka 70. Glasi ileile ikiwa na divai ya kawaida ni mililita 24, na mjomba angekaa mpaka ndafu ikatwe.

Kwa hiyo, ukiwa kwenye kamati, nunua chombo pamoja na chupa. Brandi inamiminwa kwa toti, mwenye kutaka maji au barafu anaongeza. Mvinyo wa nguvu unamiminwa kwenye glasi ndogo isiyofika nusu. Mwambie mhudumu mapema, na umwoneshe kwa macho, maana ukimwambia "kidogo" kila mtu ana kidogo chake. Na wazee waambiwe wanachopewa. Hilo ni suala la heshima kabla ya kuwa suala la afya.

Kwa wazee wa Uluguru mimi sasa nanunua mvinyo wa nguvu, si brandi. Utamu wake unawakumbusha pombe za nyumbani, haukwaruzi koo, na chupa moja ya mililita 750 inatosha watu 10 bila aibu. Brandi naiacha kwa wenye kuijua na kuipenda, usiku, baada ya chakula, kule juu mlimani Morningside ambako baridi inashuka kweli.

Jikoni na madhabahuni

Keki ya Krismasi inapenda brandi kwa sababu zabibu kavu zinakunywa makali yake na keki haiozi upesi. Poti au mvinyo mwingine mtamu wa nguvu unafaa zaidi kwenye mchuzi wa nyama na kwa kuchemshia matunda. Maplamu ya Mgeta yaliyopikwa humo na kijiti cha mdalasini hayahitaji kitu kingine. Ukiweka brandi kwenye mchuzi, utamu huupati. Ukiweka poti kwenye keki ya kuhifadhi, makali hayatoshi.

Usimdanganye mgeni kwamba kilevi kimekwisha kwenye moto. Chakula kikiwashwa moto juu, takriban robo tatu ya kilevi inabaki. Kikichemka robo saa, bado inabaki asilimia 40 hivi. Morogoro ni mji wa misikiti na makanisa, na tunaalikana. Mwislamu akija kwako, mwambie sahani ipi ina kileo, au usikiweke kabisa.

Kuhusu zawadi ya divai kwa parokia, ambayo familia nyingi za Kikatoliki hutoa, uliza kwanza kwa paroko. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka divai ya asili ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Roma imekubali tangu karne ya 19 kwamba spiriti kidogo inaweza kuongezwa ili divai isiharibike, kwa sharti spiriti yenyewe iwe ya zabibu. Mvinyo mtamu ulioimarishwa kwa spiriti ya miwa haufai altareni, hata uwe mzuri namna gani mezani. Unaona basi kwamba swali la mjomba, kile kilikuwa kitu gani, liliwahi kuwashughulisha hata maaskofu.

Jaribu mwenyewe kwa viungo vya mlimani

Njia nzuri ya kuelewa tofauti ni kuzikutanisha chupa mbili. Mwaka 1786 huko Turin, Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza mvinyo ulioongezwa spiriti na kutiwa viungo, ambao dunia inauita vamuthi. Sisi viungo tunavyo. Kinole, Tawa na Mkuyuni kuna mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, na vinauzwa sokoni mjini kwa mafungu.

Chukua mililita 150 za brandi halali ya asilimia 40. Tumbukiza kijiti kimoja cha mdalasini, iliki 4 zilizopondwa kidogo, karafuu 2 tu, na ganda la chungwa lililokauka. Karafuu ya 3 itaharibu yote, nimeshaonja. Funika siku 2, kisha chuja kwa kitambaa safi. Changanya na chupa nzima ya divai nyekundu ya Dodoma ya asilimia 12. Utapata mililita 900 za kinywaji cha asilimia 16 na nusu hivi. Onja brandi pekee, onja divai pekee, halafu onja mchanganyiko. Utasikia brandi ikipanda puani na kupotea, divai ikibaki na ukakasi ulimini, na ule wa tatu ukifanya yote mawili.

Chupa ikishafunguliwa, joto letu linahesabika. Brandi isimamishe wima kabatini, mbali na dirisha, maana makali yake yanakula kizibo cha gome ukiilaza. Itakaa mwaka bila shida. Poti nyekundu iweke kwenye friji na uimalize ndani ya wiki 3 au 4. Sheri kavu na nyeupe usiipe zaidi ya wiki moja. Madeira iache popote. Divai ya kawaida iliyobaki Jumamosi usiku, Jumatatu ipikie nyama.